Kuitika Langoni

Kisimba hakuwahi kuajiri mtu kwa kumwuliza maswali. Wanaume walifika Ranchi ya Lukonga kutoka kila upande, wengine kwa miguu toka Musonoi baada ya kuachishwa mgodini, wengine toka njia ya Sandoa na mikeka mgongoni, na kila mmoja alikuja na maneno yake tayari mdomoni: amefanya kazi kwa Wazungu, anawajua ng'ombe tangu utoto, hanywi, haibi. Kisimba aliwasikiliza huku akichokonoa meno, kisha akawaambia jambo moja tu: "Nifuate kule ku dawa ya kupe." Birika la dawa lilikuwa upande wa pili wa zizi, na njiani palikuwa na lango zito la magogo. Mgeni akilifungua, akapita, akaliacha wazi kwa haraka ya kuomba kazi, basi kazi hana. Akigeuka kulifunga kabla ya kusema neno, kazi anayo, na jioni hiyo hiyo anakula na wenzake.

Watu walisema Kisimba ana dawa ya kutambua wezi. Mkewe, Mianda, alisema ana uvivu wa kusikiliza. Mianda alikuwa karibu zaidi na ukweli. Siku za nyuma ng'ombe waliwahi kutoka kwenye lango lililoachwa wazi, wakamaliza mihogo ya kijiji kizima, na Kisimba ndiye aliyetumwa kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Tangu hapo hakutaka kusikia habari za mtu asiyefunga lango, hata awe na sifa za malaika.

Kwao ni kaskazini mwa Katanga, mtoto wa mhubiri wa Kiprotestanti. Mjomba alimleta Kolwezi akiwa kijana, akimwahidi kazi ya mgodi. Daktari akamsikiliza kifua, akatikisa kichwa. Watu wa kwao walimpa pole kama mtu aliyefiwa, maana siku zile mtu wa mgodi alikuwa mtu kweli: nyumba ya matofali, posho, shule ya watoto. Kisimba akapanda nyuma ya lori la chumvi ya ng'ombe mpaka kwenye nyanda za juu, akashuka Lukonga kama mchunga ng'ombe, na huko akaota mvi. Mwishowe akawa kapita, yaani mkubwa wa wafanyakazi, yule anayeajiri, anayegawa kazi na anayelipa. Mgodi ulipoanza kuporomoka, wale waliompa pole wakaanza kuja langoni kwake. Hakuwacheka. Au tuseme aliwacheka kidogo, nyumbani, mbele ya Mianda tu.

Beya alikuja katika kundi hilo. Alizaliwa Musonoi, kambini, mtoto wa mfanyakazi aliyeletwa na mgodi kutoka mkoa wa Kasai zamani za Wabelgiji. Alifungua lango, akapita, akalifunga, kisha akachuchumaa kulichungulia kwa chini.

"Tata kapita, hii mulango yenu iko na ugonjwa," alisema. "Muti ya chini imeoza. Siku moja itaangukia mutoto wa mutu."

"Nani alikuuliza?"

"Hakuna mutu. Njo maana nasema."

Kisimba alimwajiri hapo hapo, na mwaka wa kwanza wote akajuta. Jamaa hakuwa na kinyamazisho. Alisema na ng'ombe, alisema na mvua, aliwatukana kupe mmoja mmoja. Lakini gogo bovu alilitoa mwenyewe, akaweka la mubanga, mti ule ambao mchwa wanaujaribu na kuondoka. Na masika yale Mianda alipolazwa na homa, mke wa Beya, Mushiya, alipanda kutoka Musonoi na kikapu kichwani bila kuitwa, akakaa kwa Kisimba akiwapikia watoto mpaka mwenye nyumba akainuka kitandani. Baada ya hapo Beya hakumwita tena Kisimba kapita isipokuwa mbele za watu. Alimwita yaya, kaka mkubwa, na Kisimba akazoea.

Kisha ukaja mwaka wa uporaji. Askari walivunja maduka ya Kolwezi, raia wakamalizia, na mwenye ranchi akaenda zake Ulaya kwa likizo ambayo mpaka leo haijaisha. Alimwachia kila kitu gérant wake, Mbayo, msimamizi mwenye suruali iliyopigwa pasi na woga mwingi moyoni. Pesa nazo zikaoza. Noti ziliongezewa sifuri kila mara, na kadiri sifuri zilivyoongezeka ndivyo noti zilivyonunua kidogo. Wafanyakazi walishuka sokoni na mshahara ndani ya gunia la unga, wakarudi na unga usiofika nusu ya gunia lile lile. Kisimba aligawa zile noti kwa aibu. Mtu mzima amekesha na ng'ombe anayezaa, halafu unampa karatasi za kuwashia moto!

Mbayo, kwa woga wake, alipata wazo zuri. Noti zikaondolewa. Mfanyakazi akawa analipwa posho ya unga na chumvi kila mwezi, na akimaliza masika mawili anapewa mtamba, jike ambaye bado hajazaa. Lakini mtamba huyo alikuwa na masharti yake, na watu wa Lukonga waliyajua kuliko walivyojua sala. Siku ya malipo wote wanakusanyika langoni. Kapita anaita jina. Mwenye jina anaitika, "Niko!", anashika kamba kwa mkono wake mwenyewe, anamtoa ng'ombe langoni mbele ya wote. Nje ya lango ng'ombe ni wake. Ndani ya lango bado ni wa ranchi. Asiyetaka kumtoa siku hiyo anaweza kuitika na kumwacha, na akimwacha mpaka akazaa, siku ya kumtoa atatoka na mama na ndama pamoja. Hiyo ilikuwa asante kwa wale wanaokaa.

Na hakuna kuitika kwa niaba ya mwingine. Hilo lilikuwa la Kisimba mwenyewe, na alilishikilia kwa kichwa kigumu. Mchungaji mmoja alivunjika mguu, ndugu yake akaitika mahali pake. Kisimba akarudisha ng'ombe zizini mpaka mgonjwa alipokuja mwenyewe, kabebwa mgongoni, anamlaani kapita na ukoo wake. Aliogopa ujanja. Ukiruhusu leo ndugu aitike, kesho ataitika shemeji, keshokutwa mlevi wa barabarani. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kuitika jina lisilo lake: mjane. Mzee wa kukamua alipokufa kwa nyoka, siku ya malipo Kisimba aliita jina lake kama kawaida, na mkewe akasimama na kitambaa cha msiba kichwani akasema, "Niko." Wanaume wote walivua kofia. Yule mama alipita langoni na ng'ombe wake, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Mtamba wa Beya alikuwa wa rangi ya kahawia mwenye uso mweupe. Beya alimwita Mado. Musonoi palikuwa na mwuza pombe wa jina hilo, mwanamke wa kiuno chenye kujulikana, na Mushiya alipouliza jina limetoka wapi, mumewe alijibu kwamba ni la mtakatifu. Mushiya alikuwa Mkatoliki aliyewajua watakatifu wake. Hakumpa mumewe neno kwa siku kadhaa, na Beya akawa anapanda kuja kumlalamikia Kisimba, huku anacheka mwenyewe.

Mwanzo wa mvua, Mado akiwa na mimba, Beya alitaka kumtoa.

"Kuko mutu ya nyama mu Musonoi, anamutaka," alisema. "Mi nichukue yangu mapema, yaya."

"Unakimbilia nini? Ngoja izae. Itazalia humu ndani, utatoka na mbili."

"Sikimbie. Naona tu namna watu banaanza kutuangalia. Juzi ku pompi ya maji, mama mumoja alimuambia Mushiya achote maji ya kwao Kasai."

"Wapi! Maneno ya ku pompi. Weye ulizaliwa hapa. Nani atakufanya nini?"

Beya alimkuna Mado nyuma ya sikio, akafikiri, akakubali. Siku ya malipo aliitika jina lake, akamwacha ng'ombe ndani. Kisimba aliridhika. Alijiona amemshauri mdogo wake vizuri, na kwa hesabu ya ng'ombe alikuwa sawa kabisa.

Redio nayo ilikuwa ikisema maneno yake. Wakubwa walisimama kwenye mikutano wakasema Katanga ina wenyewe, wageni warudi kwao, na kila mtu alijua mgeni ni nani. Mwanzoni Kisimba alizima redio kama anavyofukuza nzi. Halafu siku moja Beya alikuwa ameshuka Musonoi kwa mapumziko, na hakupanda tena. Vijana wenye vitambaa vyekundu kichwani walipita nyumba kwa nyumba. Kwake waling'oa mlango, wakang'oa madirisha, wakampa muda wa kutoa godoro, sufuria na cherehani ya mkewe. Jirani waliyekula naye Krismasi alikuwa ameshaanza kupima vyumba. Wakasai wengine wa ranchi waliposikia, waliondoka kupitia porini bila kuaga, na asubuhi zizi likakosa watu wa kukamua.

Kisimba alichukua baiskeli na kiroba cha unga, akashuka Kolwezi. Gari la moshi la kwenda Kasai lilikuwa halijulikani litakuja lini, na watu walijaa stesheni mpaka kwenye reli, familia juu ya magodoro, wagonjwa chini ya turubai, harufu inayokukata pumzi. Alimkuta Beya na Mushiya karibu na bomba la maji. Beya alikuwa amekonda, lakini mdomo ulikuwa ule ule.

"Mado ilizaa?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Bado. Lakini tumbo imeshuka."

"Muone! Imekataa kuzalia mu fujo. Ile ngombe iko na akili kunipita." Alicheka, akakohoa. "Banasema tunarudia kwetu, yaya. Kwetu wapi? Mi Kasai naijuaka mu mudomo ya baba tu."

Mushiya alipokea unga kwa mikono miwili, kwa heshima ile ile ya siku zote, na heshima hiyo ilimwumiza Kisimba kuliko tusi. Alisema polepole, bila kumtazama, kwamba kuna mwenye bucha anayezunguka pale kununua mifugo ya watu, na kwamba bila chochote mkononi mtu hapati nafasi ndani ya behewa, anapanda juu ya paa. Mumewe alikuwa ameanza kuharisha.

"Nyamaza, mama," Beya alisema. "Ngombe iko ndani ya mulango. Nani atafika kuitika? Ku barrière, kule banafunga barabara, banatuua. Yaya anajua sheria yake."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ingekuwa afadhali. Kisimba alipanda baiskeli yake akiwa na aibu ya kweli. Kama angemwacha mtu atoe ng'ombe wake mwanzo wa mvua, leo Beya angekuwa na kitu mkononi. Njia nzima alikuwa anarudia maneno yake mwenyewe: unakimbilia nini, unakimbilia nini.

Lukonga alikuta langoni pamejaa. Habari kwamba Wakasai wameondoka ilikuwa imewatangulia watafuta kazi, au iliwaleta. Mbayo akamwambia aajiri upesi, ng'ombe wanaumwa na maziwa. Kisimba aliajiri siku nzima. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alichukua hata wale walioacha lango wazi, kwa kuwa angewafukuza hao, nani angebaki? Mmoja wao alikuwa Dodo, kijana wa sauti kubwa aliyefika na kitambaa chekundu bado kimefungwa mkononi. Dodo aliacha lango wazi kabisa, na Kisimba akalifunga mwenyewe nyuma yake bila kusema kitu. Alikuwa amechoka. Alichoka na redio, alichoka na nyuso mpya, alichoka kuwa mtu wa kuwapokea hawa mahali pa wale.

Siku hizo hizo Mado alizaa, jike, uso mweupe kama wa mama yake.

Kabla ya siku ya malipo Mbayo alimwita ofisini. Alikuwa anapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Tata Kisimba, bajeunes, bale vijana bapya, wanataka kujua kama watalipwa kweli. Tutawapa zile ngombe za bale balienda. Fanya sawa kawaida. Ita majina. Ule hataitika, ngombe yake inabakia ku ranchi, kisha tunagawa. Sheria njo ile yako."

"Lakini bana, balifukuzwa."

"Mi sikumufukuza mutu. Mi naitisha majina tu."

Kisimba alitoka ofisini. Sheria ilikuwa yake kweli. Aliiweka ili mnyonge asiibiwe, na sasa ilikuwa kamba mkononi mwa mwizi. Jioni alimweleza Mianda, naye Mianda aliendelea kuchagua maharage.

"Ule mama alipikia batoto yangu," alisema. Usiku huo Kisimba hakulala vizuri.

Siku ya malipo jua lilikuwa kali baada ya mvua. Ng'ombe wa malipo walifungwa mstari mmoja ndani ya lango, Mado wa mwisho, ndama miguuni pake. Watu wapya walisimama nje wakichagua kwa macho. Dodo alikuwa ameshamwonyesha mwenzake Mado kwa kidole. Kisimba alisimama mahali pake pa siku zote na kofia yake ya majani, akaanza kuita. Aliita majina ya walioondoka, moja baada ya jingine, na baada ya kila jina palikuwa na kimya, na baada ya kila kimya Mbayo alitikisa kichwa na ng'ombe akavutwa pembeni. Moyoni Kisimba aliwaona wenye majina. Huyu alipenda wimbo, huyu alimdai tumbaku. Sauti yake ilikuwa inapungua.

"Beya!"

Kimya. Desturi ilikuwa kuita mara ya pili, kwa ajili ya wazee wasiosikia vizuri.

"Beya!"

Dodo alishaanza kusogea. Kisimba akatazama lile gogo la mubanga chini ya lango, na kitu ndani yake kikakataa kwenda mbele tena, kama punda anavyokataa.

"Niko," alisema.

Watu waligeuka kutafuta aliyeitika. Alirudia kwa sauti ya kuitia ng'ombe malishoni: "Niko!"

"Tata Kisimba, unasema nini?" Mbayo aliuliza.

"Beya ameitika. Leo njo miye Beya. Mulete kamba."

Dodo aliangua kicheko. "Anaitikaka mujane tu, si njo sheria? Weye uko bibi yake? Beya amekufa, tukuletee kitambaa ya kilio?"

Wote wakacheka, hata wale wa zamani, kwa woga zaidi kuliko kwa furaha. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kapita hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anafungua fundo la kamba ya Mado, na siku zile mtu kujiita jina la Kikasai mbele ya kitambaa chekundu hakikuwa kitu cha mchezo. Dodo alisogea mpaka wakakaribia kugusana vifua. Kisimba alimtazama tu. Alikuwa mzee wa kutosha kuwa babake, na alikuwa ndiye aliyemwandika kazi, na labda hayo mawili ndiyo yaliyomfanya kijana apishe.

"Ukipita na ile ngombe, hapana kurudia," Mbayo alisema. Alisema kwa sauti ndogo, karibu ya kuomba. "Na nyumba unatoka."

"Nimesikia, bana."

Akapita langoni na Mado na ndama. Upande wa pili, mkono ukafanya ulichozoea: akageuka, akalifunga lango nyuma yake, akahakikisha komeo limeingia. Ndipo akaondoka.

Nyumbani Mianda alikuwa mlangoni, habari imeshafika. "Sasa na sie umetufukuzisha," alisema. Akaingia ndani, akatoka na bukari, ugali wa jana, kwenye jani na kitenge chake cha kanisani. "Hii ni ya Mushiya. Umwambie ni ya kujifunika mu gari, baridi ya njia ile ni mubaya." Kisimba alipokea. Alitaka kumwambia pole, lakini Mianda alikuwa ameshaanza kufunga vyombo.

Njia ya kushuka Kolwezi na ng'ombe si njia ya baiskeli. Yeye na ng'ombe walilala kwa rafiki wa Mianda njiani, wakaendelea asubuhi. Karibu na mji palikuwa na mti umelazwa barabarani na vijana wamekaa juu yake. Waliposikia Kiluba chake cha kaskazini wakamwita tata, yaani baba, wakampa hata kigoda.

"Ngombe ya nani?"

"Yangu," alisema Kisimba, na neno likawa chungu mdomoni, maana kule Lukonga alijiita Beya mbele ya wote, na hapa kuwa Kisimba ndiko kulikomwokoa.

"Basi tata atatuachia kitu kidogo. Tunalinda inchi."

Walichukua ndama. Aliomba, akataja kanisa, akataja umri wake. Waliitikia kwa adabu na kumfunga ndama kwenye mti. Yule ndama ambaye kwa ajili yake Beya alisubiri alibaki pale analia, na Mado alilia njia yote mpaka mjini, maziwa yakidondoka vumbini. Kisimba alimvuta bila kumsemesha. Beya angejua la kumwambia.

Stesheni ilikuwa vile vile, watu wengi, kelele chache. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la maji. Godoro lililokuwa pale lilikuwa la watu wengine, mama mwenye mapacha, naye alimtazama mgeni na ng'ombe wake kwa hofu, akasema hajui, watu wanahamahama hapa. Kisimba alizunguka. Aliona mwenye bucha kwa mbali, kisu kiunoni, ameshamwona Mado. Alizunguka tena. Nyuso zote zilikuwa za Beya na hakuna iliyokuwa yake.

Hatimaye alisimama katikati, kamba mkononi, akafanya kile alichojua kufanya.

"Beya!"

Vichwa viliinuka, vingine vikainama haraka. Siku zile mtu akiita jina la mtu kwa sauti, haikuwa habari njema. Mahali pote pakanyamaza, mpaka watoto. Kisimba alingoja jinsi alivyokuwa akingoja langoni, akitegea sikio kile kikohozi, kile kicheko, yale maneno yasiyoisha. Alikuwa hata amepanga la kumjibu kuhusu ndama.

"Beya!"

Upande wa bohari la mizigo, mbali na bomba, mtu alisimama polepole kutoka chini ya turubai. Alikuwa Mushiya. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani, kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Alimtazama kapita, akamtazama ng'ombe mwenye uso mweupe, akanyoosha nguo yake mbele kama mtu anayeitwa mbele ya watu.

"Niko," alisema.

Kisimba akavua kofia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Wanaume waliokuwa karibu hawakumjua huyu mzee ni nani wala desturi yake ni ipi, lakini mmoja alivua kofia yake naye, kisha mwingine. Mushiya alikuja akiruka miguu ya waliolala, akapokea kamba kwa mikono miwili, kisha akaishika kwa mkono mmoja, mwenyewe, kama inavyotakiwa. Hapakuwa na lango pale. Watu wakavuta magodoro na masufuria yao huku na huku, njia ikapatikana, naye akapita na Mado mpaka upande wa pili.